Kakao ya tambiko na kakao ya dola 40: tusichanganye mafaili

Wiki iliyopita mpwa wangu kanitumia picha ya tangazo WhatsApp, sehemu moja ya wageni huko ufukweni Zanzibar, Ijumaa jioni kuna "sherehe ya kakao", mnakaa mduara, kuna ngoma, kuna mishumaa, kila mtu anapewa kikombe chake, kiingilio dola 40. Chini wameandika kwa herufi za kupindapinda kwamba huu ni utamaduni wa Wamaya (wenyeji wa Guatemala na kusini mwa Meksiko) wa miaka 5000 na kinywaji hiki kinafungua moyo. Swali lake likawa, "Anko, hii kitu ni nini? Ni kanisa, ni dawa au ni chai?"

Kosa langu nikalirusha lile tangazo kwenye grupu la familia. Weee. Dakika kumi tu mmoja kashasema hayo ni madawa ya kulevya kwasababu kokeini inatengenezwa humohumo, shangazi akasema ni mambo ya kuzimu tusifungue hata picha, halafu kuna binamu yangu mjuaji wa kila kitu akasema jamani hiyo ni kokoa ya kwenye kopo tu mnatishwa na mishumaa. Wote watatu wamekosea, ila kila mmoja amekosea kwa namna yake, na hata lile tangazo lenyewe limekosea. Ndo maana nimeona niandike hapa kwa kirefu kidogo.

Tuanze na majina, maana nusu ya ugomvi ni majina. Kakao ni mti. Ukienda Kyela, Mbeya, utauona mwenyewe, matunda yake hayaningʼinii kwenye vijitawi kama maembe, yanatokea kwenye shina na matawi manene kabisa kama fenesi. Ukipasua tunda unakuta mbegu zimefunikwa na nyama nyeupe, laini, tamu yenye uchachu kwa mbali. Zile mbegu zikivundikwa siku kadhaa, zikaanikwa, zikakaangwa na kusagwa, ndo unapata tope zito la kahawia lenye mafuta mengi, na hapo ndipo mambo yote ya chokoleti yanapoanzia. Mtaani tunasema kakao au kokoa bila kutofautisha, hakuna shida, ila humu nikisema kakao namaanisha mti na mbegu zake, nikisema kokoa namaanisha ule unga wa kopo.

Na huo unga wa kopo ni mtoto wa juzi. Mwaka 1828 kule Uholanzi familia ya Van Houten ilipata hati miliki ya mashine ya kukamua mafuta kwenye kakao iliyosagwa, kinachobaki baada ya kukamua kinakuwa keki kavu, unaisaga unapata unga. Chukulia nazi: ukishakuna na kukamua tui, yanabaki machicha. Kokoa ya kopo ni jamaa ya machicha, na yale mafuta yaliyotoka ndo tui. Kwahiyo binamu yangu hapa anakosa, kinywaji cha zamani kilikuwa na tui lake lote ndani, hakijakamuliwa, na ukikinywa unahisi kabisa mdomoni ni kitu kizito.

Koka sasa ni mmea mwingine kabisa, kichaka cha milima ya Andes, wenyeji wa kule wanatafuna majani yake, na kokeini inatoka kwenye hayo majani. Kakao na koka hazina undugu wowote, zimefanana majina tu kama Juma wa kwetu na Juma wa mtaa wa pili. Kwenye kakao hata ukinywa ndoo hupati kokeini, utapata tumbo.

Haya, turudi nyuma. Watu walianza lini kunywa hiki kitu, na tunajuaje? Unajua chungu kilichopikiwa samaki miaka yote, hata ukioshe vipi siku ukikipasha moto harufu inarudi, udongo unanyonya. Basi wanaakiolojia wanafanya hivohivo ila kwa maabara badala ya pua. Kakao ina kemikali inaitwa theobromini, ndugu wa kafeini, ambayo inaganda ndani ya udongo wa chungu na kukaa maelfu ya miaka. Alama za zamani zaidi tunazozijua mpaka sasa zimepatikana Ekwado, sehemu inaitwa Santa Ana-La Florida, kwenye vyombo vya watu wa Mayo-Chinchipe, ni kama miaka 5300 iliyopita, na baadhi ya vyombo hivyo vilikuwa makaburini. Umeona hapo? Ile "miaka 5000" ya kwenye tangazo ipo kweli, ila sio ya Wamaya, ni ya watu wengine kabisa upande wa Amazon, Amerika ya Kusini. Ni sawa na mtu aje aseme mbege ya Wachaga ni kinywaji cha asili cha Wazaramo kwasababu wote ni Watanzania.

Huko Honduras, sehemu inaitwa Puerto Escondido, vyombo vya kuanzia kama mwaka 1100 KK vina kakao pia, na waliovichunguza wanaona inawezekana kinywaji cha mwanzo hakikuwa cha mbegu kabisa, kilikuwa cha ile nyama nyeupe iliyochachushwa, yaani pombe. Kinaingia akilini. Hakuna binadamu anaamka asubuhi anasema ngoja nichukue mbegu chungu nizivundike, nizianike, nizikaange, nizisage, nione. Mtu anaanza na tunda tamu, linachacha, anafurahi, halafu siku moja anajiuliza na hizi mbegu zilizobaki tufanyie nini.

Halafu kuna chungu cha Río Azul. Hiki nakipenda kupita maelezo. Kilitolewa kwenye kaburi la mtu mkubwa huko kaskazini mwa Guatemala, ni cha karne ya tano BK, kina mpini kwa juu na kifuniko cha kuzungusha, yaani unakifunga na kukifungua kwa kukizungusha kama chupa ya karanga, miaka 1500 iliyopita, na wameweka udongo! Nje kimepakwa plasta na kuchorwa maandishi ya Kimaya. Mtaalamu wa maandishi hayo, David Stuart, akasoma kati ya zile alama "ka-ka-wa", na alama ya ka inachorwa kama samaki au pezi la samaki, kwahiyo neno kakao kwa Kimaya linaanza na samaki. Maabara ya kampuni ya chokoleti ya Hershey wakapima masalia ya ndani, wakakuta theobromini na kafeini. Yaani chombo kimeandikwa kilichomo, na kilichomo kikakutwa kweli. Na sisi bado tunalisema neno lilelile, kakao, karibu vilevile lilivyoandikwa pale kaburini.

Sasa kilikuwa kinatengenezwaje? Msifikirie chokoleti ya moto na maziwa na sukari. Sukari ya miwa na maziwa ya ng'ombe vyote vililetwa na Wahispania. Kakao ya Wamaya na Waazteki (hawa ndo waliotawala Meksiko kabla ya Wahispania) ilikuwa maji, kakao iliyosagwa kwenye jiwe, mara nyingi mahindi yaliyosagwa ndani yake (hapo inakuwa ndugu wa uji), pilipili, maua ya kunukia, vanila, pengine asali, pengine achiote, mbegu nyekundu za kutia rangi, ambayo inageuza kinywaji kuwa chekundu kama damu, na huo wekundu haukuwa bahati mbaya, tutaufikia. Chungu, kikali, kizito. Waazteki wengi walikinywa baridi.

Na juu yake lazima povu. Povu ndo heshima yenyewe. Kuna chombo maarufu cha Kimaya kilichopo chuo cha Princeton, kimechorwa mwanamke amesimama kashika chombo juu anamimina kwenda chombo cha chini kabisa, mstari mwembamba unashuka, na wengi wanaona ni kakao inarushwa ipate povu. Ukiwa umewahi kumuona muuza chai anavyorusha chai ya maziwa kutoka kikombe kimoja kwenda kingine, mkono mmoja juu, mwingine kiunoni, basi umeshaona picha hiyo. Kile kijiti cha mbao cha kupekecha ambacho leo kila mtu Meksiko anacho na watalii wanakinunua kama ukumbusho wa Waazteki kilikuja baadae, wakati wa Wahispania. Padri Bernardino de Sahagún, ambaye karne ya 16 aliandika mambo ya Waazteki kwa lugha yao akisaidiwa na wazee na wanafunzi wa hukohuko, anaeleza kabisa muuza kakao mzuri na muuza kakao mbaya sokoni, mbaya ni yule anayejaza maji na unga wa mahindi mpaka povu halisimami. Nikasoma nikacheka, maana hiyo ni maziwa ya mtaani kwetu kabisa.

Mi nilijaribu. Kuna jamaa aliniletea kilo ya mbegu kutoka Kyela, nikazikaanga kwenye kikaango mpaka maganda yakaanza kupasuka, harufu yake ikajaza nyumba nzima, jirani akaja kuuliza kama tunaoka keki. Nikamenya moja moja (vidole vinauma), nikatwanga kwenye kinu, kwanza zinakuwa chenga, halafu ghafla mafuta yanatoka zinashikana kwenye mchi kama karanga. Nikachanganya na maji ya moto, nikapekecha, nikarusha toka kikombe mpaka kikombe, nusu ikaishia sakafuni. Povu lilikuja! Likakaa muda wa kufungua kamera ya simu, nilipofungua likawa limeshazama. Ndo nikaelewa kwanini kule kazi ya povu ilikuwa fani ya mtu, sio kitu cha kubabaisha.

Haya, na tambiko linaingiaje? Hapa ndo watu wanapotelea. Kinywaji kuwa cha tambiko haimaanishi kina nguvu za ajabu ndani yake. Mbege kwa Wachaga haikulogwa, ni ndizi na ulezi, lakini ukienda kuposa bila mbege hujaposa, na wazee wanaimwagia ardhi kidogo kwa ajili ya waliotangulia. Kahawa chungu kwenye msiba wa Pwani haina dawa ya huzuni, lakini msiba bila kahawa watu watasema. Kinywaji kinapata uzito kwasababu ya shughuli kinayofunga kati ya watu. Kakao ilikuwa hivo, na ilikuwa na uzito zaidi kwasababu moja ambayo mbege haina: ilikuwa hela.

Hela kweli kweli. Kuna orodha ya bei ya mwaka 1545 kutoka Tlaxcala, Meksiko, imeandikwa kwa Kinahuatl, lugha ya Waazteki: bata mzinga jike mzuri mbegu 100 za kakao, yai la bata mzinga mbegu 3, nyanya kubwa mbegu 1, parachichi lililotoka kuchumwa mbegu 3. Sasa jiulize, ukisaga mbegu kadhaa ukakoroga kwa ajili ya kikombe kimoja, umefanya nini? Umekunywa hela. Umechukua noti ukazitwanga ukampa mgeni. Halafu kakao haioti kwenye baridi la milimani walipokaa Waazteki, ilibidi itoke nchi za joto kama Xoconochco, pwani ya Pasifiki, nyingine inaletwa kama kodi ya walioshindwa vita. Ndo maana haikuwa ya kila mtu, ilikuwa ya watawala, mashujaa wa vita na wafanyabiashara wakubwa wakialikana karamu. Bernal Díaz, askari wa Kihispania, anasema mezani kwa Moctezuma, mfalme wa Waazteki, aliona majagi zaidi ya 50 ya kakao yenye povu. Na palipo na hela pana matapeli, Sahagún anasimulia wajanja waliokuwa wanatoa nyama ya mbegu na kujaza ganda vitu vingine ili wapitishe kama mbegu nzima. Hela feki zilianza kitambo.

Ndoa nayo. Wamixteki wa Oaxaca waliacha kitabu cha picha, kipo British Museum, kinaitwa Codex Zouche-Nuttall, na humo kuna picha ya ndoa: bwana anaitwa Kulungu Nane, bibi harusi anaitwa Nyoka Kumi na Tatu (walikuwa wanaitwa kwa siku waliyozaliwa), wamekaa wanatazamana na bibi harusi anampa bwana chombo kimefurika kakao yenye povu. Hakuna pete, hakuna cheti, chombo cha povu ndo kinasema hawa wameoana. Kwenye kitabu cha Wamaya cha Madrid miungu wamechorwa wanajitoboa masikio na damu inadondokea matunda ya kakao. Na wafu walizikwa na vyombo vyake, kama yule wa Río Azul.

Sasa tufike kwenye huo moyo. Tangazo linasema kakao inafungua moyo, na cha ajabu ni kwamba moyo kweli upo kwenye historia ya kakao, ila sio huu wa kwenye vikopa vya Februari. Waazteki walikuwa na msemo wa kuiita kakao "moyo, damu". Sababu zinazotajwa ni kwamba tunda lina umbo la moyo, limebeba kinywaji cha thamani kama moyo ulivyobeba damu, na kile kinywaji kilichotiwa achiote kilikuwa chekundu. Na kwa Waazteki moyo ulikuwa kitu kinachotolewa. Padri Diego Durán, akiandika zaidi ya miaka 50 baada ya Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, kutekwa, anasimulia kuhusu mtumwa aliyekuwa anavishwa nguo za mungu Quetzalcoatl kwa siku 40, anatukuzwa, anacheza mjini, halafu siku zikikaribia anaambiwa kwamba atachinjwa. Akionekana amenyong'onyea, akaacha kucheza, walichukua visu vya sadaka wakaviosha, yale maji yenye damu wakakorogea kibuyu cha kakao wakamnywesha, wakiamini atasahau na kurudi kucheza. Durán alikuwa padri na alikuwa na sababu zake za kuwachora vibaya, hilo tulikumbuke. Lakini hata ukipunguza nusu, hii haifanani na mto laini na muziki wa filimbi. Mtu anayekuuzia tambiko la kale akikata vipande vyote vya damu, vita na tofauti za daraja, amekuuzia kitu alichokitunga yeye.

Shangazi yangu, yule wa kuzimu, ajue tu hoja yake sio mpya. Wahispania walipofika nao waligawanyika. Huko Santiago de Guatemala, karne ya 17, wanawake kadhaa walifikishwa mbele ya mahakama za dini wakituhumiwa kuwatilia wanaume uchawi kwenye chokoleti, na mantiki ilikuwa ileile ya limbwata: kinywaji cheusi, kizito, kina viungo vingi, kimetengenezwa na mwanamke jikoni ambako mwanaume haingii, kwahiyo ukipata ugonjwa usioeleweka kosa ni la kikombe. Wakati huohuo mapadri wenyewe walikuwa wanakinywa kwa fujo mpaka likazuka swali kubwa, je kinavunja mfungo? Walibishana miaka na miaka. Miaka ya 1660 Kadinali Brancaccio wa Roma akatoa hoja kwamba kimiminika hakivunji mfungo na chokoleti ya maji ni kinywaji, basi ruksa. Ukimsimulia hilo mtu aliyefunga Ramadhani na koo limemkauka saa kumi jioni atakuangalia sana.

Kwahiyo ile kakao ya tambiko ilikufa? Hapana, na hili ndo linaniuma kidogo kwenye haya matangazo, wanasema "utamaduni wa kale" kama vile wenyewe walishaisha. Wapo. Nenda San Andrés Huayápam, kijiji cha Oaxaca, kuna wanawake wanatengeneza tejate mpaka leo. Mahindi yanachemshwa na majivu, yanasagwa na kakao iliyokaangwa, kokwa la tunda la mamey, na maua makavu wanayoyaita maua ya kakao ingawa yanatoka mti mwingine kabisa. Inakuwa kama unga uliokandwa. Mama anauweka kwenye beseni kubwa la udongo, anaukanda kwa mkono huku anaongeza maji kidogo kidogo, mkono umezama mpaka karibu na kiwiko, halafu anamimina maji kutoka juu, na mafuta ya kakao na lile kokwa yanapanda juu yanakuwa povu jeupe zito, linakaa kama mapande ya mtindi. Unapewa kwenye nusu kibuyu kilichopakwa rangi, hakuna kijiko. Kinywaji cha shughuli, cha wakulima shambani, na sikuhizi cha sokoni pia.

Wabribri wa Talamanca, Kosta Rika, wanasimulia kwamba mti wa kakao alikuwa mwanamke aliyegeuzwa mti, kwahiyo kuni zake haziwashwi, na kuandaa kinywaji chake ni kazi ya wanawake, kwenye misiba na msichana anapovunja ungo. Waguna wa visiwa vya Panama wanakinywa na pia wanachoma mbegu zake kwenye chetezo, moshi unapanda kama udi wetu. Na kwa Wamaya wenyewe wa Guatemala, ukikuta tambiko la moto linaloongozwa na mzee wa kuhesabu siku za kalenda yao, kakao inatupwa motoni pamoja na ubani wa kopali, mishumaa na sukari, ni chakula cha waliotangulia. Yaani kwenye tambiko la Wamaya wa leo kuna uwezekano mkubwa kakao ikaliwa na moto kabla hujaiona kikombeni.

Ule mduara wa mito na vikombe ulitoka wapi basi? Umri wake ni wa miaka ya 2000. Chanzo kinachotajwa mara nyingi ni San Marcos La Laguna, mji mdogo kandokando ya ziwa Atitlán, Guatemala, umejaa wageni wa yoga, ambako Mmarekani anaitwa Keith Wilson alianza kukusanya watu kibarazani kwake wanakunywa kakao nzito huku anawaongoza kutafakari mambo yao ya ndani. Waliohudhuria wakarudi kwao wakafanya hivohivo, Ulaya, Marekani, Bali, na sasa fukwe zetu. Sisemi ni utapeli. Watu kukaa pamoja bila simu masaa mawili, wakaongea vilivyo moyoni, ni kitu kizuri hata mkinywa maji ya bomba. Nachosema ni kitu kipya kilichovaa nguo ya zamani, na kimegeuza mwelekeo: kakao ya tambiko iliwafunga watu kwa watu, bwana na bibi, mwenyeji na mgeni, walio hai na waliokufa, wakati hii inamhusu mtu mmoja na nafsi yake, ambaye kesho yake anapanda boti na hamuoni tena aliyekaa pembeni yake.

Alafu kuna hii ya "kakao ya daraja la sherehe" inayouzwa mtandaoni kwa bei ya kuumiza. Hakuna mamlaka yoyote inayopima hilo daraja. Hakuna muhuri, hakuna kipimo. Nyie si mnaujua mchele wa Kyela? Kila soko, kila duka, kila gunia ni Kyela, mpaka unajiuliza hiyo wilaya ina ukubwa gani. Basi ndo hivohivo. Unachotakiwa kuangalia ni kama ni mbegu nzima iliyosagwa na mafuta yake bila kuongezwa kitu, basi. Na kwa taarifa yenu mbegu hizohizo zinatoka Kyela yetu, zinatoka Bundibugyo Uganda, zinatoka Beni kule Kongo. Sio za asili ya huku, Wareno waliipeleka kakao Príncipe na São Tomé miaka ya 1820, ikasambaa Afrika, na leo kama nusu ya kakao ya dunia inatoka Ivory Coast na Ghana. Mavuno yao yalipoyumba, bei ya soko la dunia mwishoni mwa 2024 ilipita dola 12,000 kwa tani. Mkulima anaiuza yote, mtalii anainywa ufukweni, na sisi tunanunua ya kopo kutoka supamaketi.

Kuhusu mwili. Kakao hailevyi, huoni maluweluwe, wanaodhani ni sawa na ayahuasca, kile kinywaji cha Amazon cha kuonesha maluweluwe, wamekosea mti. Kikombe kizito cha hizo sherehe kina kafeini inayokaribia ya kahawa moja na theobromini nyingi zaidi ambayo inapeleka moyo mbio taratibu na muda mrefu, ndo ile "nilihisi moyo unafunguka". Ni kweli ulihisi kitu, ni mapigo. Kwahiyo mwenye matatizo ya moyo, mjamzito, au anayetumia dawa za msongo wa mawazo, hasa zile za kundi la MAOI, aongee na daktari kwanza, na mbwa msimpe kabisa, kwake ni sumu. Zile habari kwamba inatibu presha zinatokana sana na Waguna, watafiti waliona presha zao visiwani haipandi na umri, ila wakihamia Panama City inapanda. Sawa, lakini aliyehama kisiwani hakuacha kakao peke yake, aliacha samaki, kasia na usingizi.

Basi nikampigia mpwa wangu nikamueleza yote haya, dakika arobaini, yeye kimya upande wa pili anasema tu "mh", "mh". Nikamwambia ukitaka kwenda nenda, sio dini na sio dawa, ila waulize mbegu wametoa wapi na kama wameweka pilipili, na ukiona povu limekaa zaidi ya dakika nipigie simu uniambie wamelifanyaje. Akasema sawa anko. Halafu akauliza, hiyo dola 40 ni pamoja na chakula?